Dakika Tisa za Revelian

Mashine ya tisa ilikubali bila ubishi. Kokuberwa alichomoa flashi, akapuliza vumbi la mbao lililotua kwenye kibodi, akakilaza kile kibao cha kompyuta, ambacho ukubwa wake hauzidi pakiti ya sigara, ndani ya kisanduku cha mninga. Nje, karakana ya Polikarpo ilikuwa imeshaamka. Ukikaa Keko huhitaji jogoo, randa inatosha.

"Zimefika ngapi, Mama Reve?" Polikarpo aliuliza akichungulia dirishani, penseli sikioni.

"Tisa."

"Na mie nimetengeneza visanduku kumi."

"Kuhesabu najua, Polikarpo."

Fundi akarudi kwenye randa yake. Walikuwa majirani kwa miaka kumi na saba, na alijua lini mwanamke huyu anataka kuachwa peke yake.

Kokuberwa hakuwa fundi wa kompyuta. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini, na heshima yake yote ilitokana na jambo moja: hakuwahi kubadilisha hata nukta ya mtu. Bosi akiandika upuuzi, upuuzi ulitoka safi, pambizo zimenyooka. Ndiyo maana daftari la mwanawe lilimfaa. Humo Revelian alikuwa ameandika, hatua kwa hatua, jinsi ya kuweka mfumo wa kuendeshea kompyuta, Linux ya kawaida iitwayo Debian, kwenye vibao kumi alivyoiahidi shule moja ya sekondari kule Mtoni. Aliwahi kuweka kimoja tu, cha kujifunzia, kisha akafariki. Vingine mama yake aliviweka mwaka mmoja baadaye, nusu ya anachoandika hakielewi, lakini haruki herufi.

Hatua ya kwanza ilisema: *Hakikisha mashine haina kitu unachokihitaji. Kikifutika hakirudi.* Asubuhi hiyo alikuwa ameisoma mara tisa. Mara zote tisa mashine ilikuwa mpya na tupu, akapita.

Ya kumi, ile aliyoiweka Revelian mwenyewe, alikuwa ameitoa kabatini ikakaa mezani, bado imefungwa kwenye kitenge. Picha za humo alishazihamisha zamani. Si picha zilizomshika mkono.

Vibao vile havina betri ya saa. Ukikizima, siku ukikiwasha mahali pasipo na intaneti hakijui kwamba muda umepita; kinaendelea kuhesabu kutoka pale kilipolala. Revelian alikizima cha kwake Alhamisi moja ya mwezi Machi, saa kumi na dakika kumi na mbili, akavaa viatu. "Nafika Mtoni mara moja kupima chumba, mama. Ukipika niwekee." Saa kumi na moja na dakika arobaini, gari lilimgonga Barabara ya Kilwa.

Baada ya arobaini mama yake alikiwasha kile kibao ili achukue picha, akakuta kwenye kona ya skrini ni Alhamisi ileile, saa 16:12. Humo ndani mwanawe alikuwa ndiyo kwanza anafunga kamba za viatu. Alikaa mbele ya ile saa dakika kumi nzima, na alikuwa na furaha. Nasema furaha kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Akarudi wiki iliyofuata, na nyingine tena. Dakika tano, dakika saba. Kila alipomaliza alizima kama daftari lilivyoagiza: *Usichomoe waya kamwe. Andika poweroff, subiri taa ikate.* Laiti angechomoa waya tu, kama wafanyavyo watu wote, kibao kingesahau zile dakika na kuamka tena saa 16:12. Lakini ukikizima kwa utaratibu, kinaandika saa yake kwanza ndipo kinalala. Kokuberwa alikuja kulijua hilo akiwa ameshachelewa. Kwa utii wake alikuwa anamla mwanawe kidogo kidogo. Hapo ndipo alipotafuta kitenge. Saa ilikuwa 17:31. Zilibaki dakika tisa kabla ya lile gari, na tangu Krismasi hakuwa amezigusa.

"Hodi! Shikamoo mama."

Alikuwa Mwalimu Jesca kutoka ile shule ya Mtoni, bajaji inamsubiri nje.

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

"Mtihani wa vitendo ni saa saba mchana. Watoto wangu kumi wamefurahi hao!"

"Ziko tisa."

Jesca alikitazama kisanduku kitupu, kisha kitenge kilicho mezani. Alimjua Reve, hakuhitaji kuambiwa. "Basi mmoja atasubiri mwenzake amalize. Hakuna tabu, mama." Akashusha sauti. "Siku ile mie nilimsubiri mpaka saa kumi na mbili. Nilikasirika kweli. Nikaandika meseji mbaya."

"Uliituma?"

"Hapana. Ninayo mpaka leo."

Kokuberwa alikivuta kitenge karibu. "Kakae nje na Polikarpo," alisema. "Nipe saa moja."

Alikifungua kitenge, akachomeka waya. Skrini ikaamka. Alhamisi, 17:31. Akavuta kiti, mikono magotini, kama mtu aliyeketi wodini.

17:35. 17:38. Ilipofika 17:40 alifumba macho. Alipoyafumbua ilikuwa 17:41, na kibao kilikuwa kinahesabu tu, hakina habari.

Hapo likamfika jambo ambalo kwa mwaka mzima alikuwa analikwepa. Alhamisi ile, saa kumi na moja na dakika arobaini, yeye alikuwa jikoni anamenya ndizi. Tena alikuwa anaimba. Simu ilipigwa saa kumi na mbili na dakika tano. Kwa dakika ishirini na tano mwanawe alilala kwenye lami katikati ya miguu ya watu wasiomjua, na mama yake yuko jikoni anamchagulia ndizi zilizonona. Kumbe hakuwa akiziogopa zile dakika tisa. Aliziogopa hizi zinazofuata.

Aliweka kiganja juu ya kibao. Kilikuwa na joto.

"Nipo, Reve," alisema. "Nipo hapa."

Nje, randa ilinyamaza. Alimsikia Jesca akiuliza, "Bado?" na Polikarpo akijibu, "Mwache, mwalimu. Atatoka." Randa haikulia tena.

17:52. Alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kitenge. 17:58. Hakuondoa mkono. 18:05.

Simu yake ilikuwa mezani, kando ya daftari. Aliitazama. Haikulia.

Akaandika poweroff. Taa ya kijani ikapepesa, ikakata. Akachomeka flashi, akafungua daftari mwanzo kabisa, akaweka kidole chini ya mstari, kama alivyokuwa akisoma rasimu za mabosi. *Hakikisha mashine haina kitu unachokihitaji.*

Aliusoma mara mbili. Kibao kilikuwa bado cha moto. Halafu akageuza ukurasa.