Ardhi Iliyomtoa Verlene

"Udongo huo mtaula na chumvi?"

Ndivyo jirani yetu Otha Minnifield alivyotuuliza siku ile mimi na mume wangu Hosie tuliporudi kutoka mjini tukiwa tumenunua ekari thelathini za ardhi. Alikuwa ameegemea gari lake, ambalo lilikuwa bado linanuka upya. Mwaka ule pamba ilikubali, na kila mtu mweusi wa barabara yetu aliyebakiwa na chochote baada ya hesabu za mzungu mwenye shamba alinunua kitu cha kuonekana. Sisi tulinunua visiki na matope. Maji yalikuwa yakituama pale mpaka mwezi wa tano, na vyura wake walishinda kwaya yoyote. Hosie akamjibu kwamba tutaula na majani ya figili, wakacheka wote wawili, maana walikua pamoja na walibatizwa siku moja katika bwawa moja.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimechoka kuhama. Nyumba niliyozaliwa ilikuwa ya mzungu, na niliyoingia nilipoolewa ilikuwa ya mzungu, na kila Krismasi ikipita tulikaa tukingoja kuambiwa kama tutabaki au tufungashe. Anayelima shamba la mwingine kwa kugawana mavuno nusu kwa nusu, hata mlango anaoufunga usiku si wake.

Hosie aling'oa visiki kwa miaka. Tulipomaliza deni la ardhi hakukaa sana, Mungu akamchukua. Watoto walikuwa wameshakwenda kaskazini, Detroit, kutafuta kazi. Nikabaki na nyumbu wa kulimia, ng'ombe, kuku, bustani ya mboga, na ekari zisizo na deni la mtu.

Faida yake niliijua vijana wa kupigania haki za weusi walipoanza kuja kanisani kutuhimiza twende mahakamani tukajiandikishe kupiga kura. Wenzetu waliotoka kwenye mashamba ya wazungu walirudi wakakuta vitanda vyao vimetupwa barabarani. Sisi wenye vipande vyetu hatukuwa na wa kututupa. Nilipokwenda kujiandikisha, benki ilininyima mkopo wa mbegu, nikauza ng'ombe. Mwenye kinu cha pamba alikataa pamba yangu, nikaipeleka kaunti ya pili. Haikuwa raha, lakini nilikula. Wala sikuwa jasiri kuliko wale waliorudi nyuma. Paa lilikuwa langu, basi.

Otha aliendelea kulima ng'ambo ya barabara, kwa Bwana Lasseter, mzungu ambaye mashamba yake yalituzunguka karibu pande zote. Otha akinikuta na vijana wale, alitazama juu kama mtu aliyeona ndege wa ajabu.

Kisha binti yake mkubwa, Verlene, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, akapanda ngazi za mahakama kwenda kujiandikisha. Akaambiwa aondoke, hakuondoka. Sherifu akamtia ndani kwa kosa la kuvuruga amani.

Otha alikuja jikoni kwangu Jumamosi mchana. Alikula mkate wa mahindi bila kujua anakula nini. Akanieleza kwamba pesa za dhamana hajawahi kuzishika maishani, na kwamba Bwana Lasseter amesema yeye hasaidii watoto wakaidi. Lakini sheria inakubali ardhi ya kaunti hii iwekwe dhamana badala ya pesa, ikiwa haina deni. Akaishia hapo, akabaki anaichezea kofia yake mapajani. Nilimuuliza jambo moja tu: siku ya kesi, Verlene atakuwepo? Akaapa mbele za Mungu, kiganja juu ya meza yangu.

Nikaenda mjini kuweka ardhi yangu. Karani aliniita shangazi. Kwetu mzungu akikuita shangazi hajakuheshimu. Amekwepa tu kukuita Bibi.

"Shangazi," akasema, "unajua unachofanya? Msichana asipotokea siku hiyo, kishamba chako kimekwenda."

"Najua, bwana. Ndiyo maana umeniona nimevaa kofia ya kanisani."

Verlene akatoka. Jicho moja lilikuwa limevimba na sauti imemkauka, lakini njiani aliniuliza kama maboga yangu yameshachipua. Nikajua hawakumvunja.

Kesi ilipokaribia, mama yake, Dessie, alinijia akitaka kuazima sanduku langu la safari. Nikamuuliza nani anasafiri. Akasema Otha, ana msiba Memphis.

"Poleni. Nani ametangulia?"

Dessie akafungua mdomo, akaufunga. Ni mwanamke mcha Mungu. Kuongopa safari aliweza, ila kumuua mtu ambaye hayupo kulimshinda. Akavuta kiti, akakaa, akaniambia yote.

Bwana Lasseter alikuwa amemwita Otha ghalani. Verlene apandishwe treni aende Chicago kwa ndugu zao kabla ya kesi. Akienda, Otha atabaki kwenye nyumba, na deni lake la duka la shamba litafutwa. Akionekana mahakamani, nyumba iwe tupu jioni ile ile. Ardhi yangu Bwana Lasseter hakuitaja hata kidogo. Hakuwa na haja. Ikinadiwa, nani mwingine huku angekuwa na pesa za kuinunua?

Sanduku sikumpa. Sikumfokea pia. Niliipua sufuria jikoni, nikavuka barabara, naye nyuma yangu.

Otha alikuwa uani anagongea mpini wa jembe, na Verlene alikuwa anaanua nguo. Otha aliponiona na mkewe, akaweka nyundo chini.

"Dada Almeta, usinitazame hivyo. Nina wanne wengine wadogo. Tukitolewa hapa nitawalaza wapi?"

"Hilo umemuuliza nani?"

"Namuuliza Mungu kila siku."

"Basi majibu yako yamekuja kwa miguu."

Nikamweleza. Ile nyumba ya kwanza tuliyojenga mimi na Hosie, kule kwenye kijito, iko tupu. Paa linavuja, na sakafuni pana tundu la kupita paka, lakini haina bwana. Kuna ekari kumi zinazoizunguka. Alime, na pamba itakuwa yake yote. Kisha azinunue polepole, kama sisi tulivyonunua.

"Kwa nini usiseme tu unanipa sadaka?"

"Kwa sababu nakuuzia. Nikikupa bure utanishukuru mpaka unichukie."

Verlene, bila kuacha kukunja shuka, akasema kwamba hata wangempandisha treni hiyo angeshukia kituo cha kwanza. Baba yake akamwambia anyamaze, mdomo wake ndio uliowafikisha hapo.

"Mdomo nimeurithi, Baba."

Dessie akacheka. Otha hakucheka. Alitazama mashamba yale, mistari kwa mistari mpaka macho yanaishia, akasema kwa sauti ya chini kwamba amemlimia Bwana Lasseter, na baba wa Bwana Lasseter kabla yake. Hajui mtu anaamkaje asubuhi bila kengele ya shamba. Hapo nikaona kwamba njaa haikuwa hofu yake yote.

"Hosie naye hakujua," nikamwambia. "Wiki ya kwanza alikaa barazani amevaa buti, anangoja kengele. Mimi ndiye niliyemwambia aende shambani."

Otha aliokota nyundo. Nikarudi nyumbani bila kujua atafanya nini, na sikumwendea tena. Nilikuwa nimesema.

Siku ya kesi nilikaa juu roshani, tunakokaa weusi. Bwana Lasseter alikuwa chini, mstari wa mbele, pamoja na mwanasheria wake. Mjini walishasema anapanga kupanda soya kwangu. Niliomba. Ardhi niliiombea, sitadanganya, lakini zaidi niliomba nisije nikamchukia Otha, maana nilikuwa nimeanza.

Karani akaita, "Verlene Minnifield." Akaita tena. Bwana Lasseter akageuka, akanitafuta kwa macho huko juu mpaka akanipata, akaniinamishia kichwa kama mtu anayetoa pole msibani. Jaji akachukua kalamu aandike kwamba ardhi yangu imekwenda.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Otha kwanza, shati limejaa masizi ya jiko, jasho likimtiririka. Nyuma yake Verlene, amevaa gauni jeupe la ubatizo, na Dessie na wadogo wale wanne wameshikana mikono. Kupitia dirishani niliona mkokoteni wao nje: magodoro, jiko la chuma, kuku kwenye tenga. Walikuwa wanahama tangu alfajiri.

"Nipo hapa," Verlene akasema, akatembea hadi mbele.

Jaji akaweka kalamu chini. Bwana Lasseter akasimama. Hakumtazama jaji wala msichana. Alimtazama Otha.

"Otha, nilikwambia nini?"

Otha alikuwa ameivua kofia kwa ajili ya mahakama, lakini macho hakuyainamisha.

"Uliniambia nyumba iwe tupu jioni, Bwana Lasseter. Iko tupu tangu asubuhi. Na Dessie ameifagia."

Mtu mmoja roshani akakohoa kuficha kicheko. Bwana Lasseter alisubiri, kama mtu anayengoja aombwe radhi, na hakuna aliyemwomba. Akachukua kofia yake kitini, akapita katikati ya Otha na wale watoto, akatoka.