Barua ya Koplo Kobe

Mjini Koboko hapakuwa na shida iliyobaki. Maji yalitiririka mabombani na panya walikuwa wamehama kwa hiari yao. Ndiyo maana Kamati ya Wanyama Wageni ilipata nafasi ya kuandika rasimu: kila mnyama atambaaye aliyetoka nje ya wilaya aondolewe. Wafugaji walete wanyama wao, pamoja na ushahidi wa walikozaliwa.

Lukumani alimleta Koplo ndani ya karai. Mama yake alimwokota kobe huyo kijijini Ludara, mwaka waliporudi kutoka ukimbizini Sudan, akampa cheo hicho kwa kuwa alitembea kama koplo mstaafu siku ya pensheni. Mama alikuwa amekufa mwaka jana. Koplo bado alikwenda kila asubuhi mlangoni pa mama, kusubiri majani ya maboga. Kwa Lukumani, kumpoteza kungekuwa msiba wa pili.

Ushahidi hakuuhangaikia. Ukitaka kazi, shule au kitambulisho, unakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba barua. Mwenyekiti Tongun wa Ludara alikuwa na barua ya namna moja tu, na hakuona sababu ya kuibadilisha kwa ajili ya kobe.

Kwenye foleni ya kamati, mbele ya Lukumani alisimama Ondoga, na chatu wake ndani ya gunia.

"Barua yake inatoka Manibe," alisema Afedra, katibu wa kamati. "Manibe iko Arua. Hii chatu ni mgeni."

"Lakini panya yote alikula ni ya hapa, bwana katibu."

"Hiyo ni kosa ya pili."

Afedra akachukua barua ya Koplo, akaisoma kwa sauti. "Mwenye barua hii namfahamu vizuri. Alizaliwa Ludara. Hanywi pombe wala hajapigana na jirani. Asaidiwe."

Akamtazama Koplo, aliyekuwa akitafuna pembe ya rasimu. Kisha akaugusa muhuri kwa kidole.

"Muhuri iko. Kobe ni mwananchi. Na wewe ulizaliwa wapi?"

"Kaya," Lukumani akajibu kabla ya kufikiri. "Wakati wa ukimbizi."

"Ng'ambo ya mpaka wa Oraba, Sudan." Afedra akageuza ukurasa. "Kobe mwananchi hawezi kufugwa na mgeni. Leta barua yako kabla ya saa kumi, ama kobe inabaki na sisi."

"Ingia gunia, ndugu yangu," Ondoga akamwambia. "Nafasi iko."

Lukumani alipanda bodaboda hadi Ludara. Tongun alikuwa anakula.

"Mzee, mimi nilizaliwa Kaya. Nisaidie."

Tongun akanawa mkono, akatoa barua iliyokwisha kuandikwa, akaongeza jina na kugonga muhuri.

Saa tisa na nusu Afedra aliisoma yote, mpaka pale pa pombe.

"Alizaliwa Ludara," akasema, akimsukumia karai. "Sasa mbona ulitudanganya?"

"Samahani, bwana katibu," Lukumani akasema, akambeba Koplo kifuani.