Wito wa Mjomba kwa Brigita

Bombani hapa Kitangari walisema mwanangu Brigita anasoma meseji za watu akiwa hukohuko Ulaya. Nilicheka, nikajitwika ndoo, lakini neno lile lilinifuata mpaka kitandani. Jirani yangu Stella ndiye aliyezidisha: "Mama Brigita, mwambie anisomee za mume wangu, mimi simu yake siruhusiwi hata kuigusa!"

Nilimpigia. Brigita ni mtu wa hesabu, chuo cha huko kilimpa kazi ya utafiti ya muda.

"Mama, ni kinyume," akasema. "Sisi tunasafirisha siri kwa mwanga. Mtu akichungulia njiani, mwanga unabadilika, wenyewe wanajua. Mimi nakagua kwa hesabu kama kweli hakuna pa kupenya."

Nilielewa kiasi cha darasa langu la saba. Kaka yangu Zabroni alipokuja amefura kwa maneno hayo ya bombani, nikamweleza hivyohivyo.

"Aseme mwenyewe mbele ya ukoo."

"Kaka, mwezi huu anasimama mbele ya maprofesa. Wakiridhika wanamwajiri kabisa. Si aongee nanyi kwa simu?"

"Simu hiyohiyo anayoichezea? Aje! Au hao maprofesa ndio wajomba zake?"

Kwetu Wamakonde mtoto wa dada ni wa mjomba. Akiita, unakwenda. Brigita aliomba asubiriwe amalizane na maprofesa, mjomba akakata simu. Brigita akaja, macho mekundu kwa safari, akapiga magoti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Haya, tuambie."

Akaeleza taratibu mbele ya ukoo. Zabroni akapiga paja. "Kumbe ni mlinzi! Sasa si ungesema?"

Wakala kuku, wakatawanyika.

Maprofesa hawakungoja. Nafasi wamempa mwingine. Brigita sasa anafundisha kwa kujitolea shule moja upande wa Masasi, anaomba huku na huko, majibu ni hapana. Hanilaumu. Hilo ndilo linalonichosha.

Wenzangu wenye watoto wa namna hii:

Msimwite mtoto nyumbani kwa sababu ya maneno ya bombani.

Msimwite kabla hamjamuuliza siku hiyo ana nini.

Msikubali "ukoo umesema" bila kuuliza mtoto atapoteza nini.

Msiihukumu kazi kwa kuwa jina lake ni gumu.

Na msimwambie "Mungu atakupa nyingine" akiwa bado analia.