Mstari wa Futi Tisa

Justa Kashindye alikuwa ametengeneza milango kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumwuliza mlango uwe na urefu gani. Mafundi ujenzi walipita kwenye karakana yake pale Igoma, wakamwandikia vipimo kwenye kipande cha boksi, "saba kwa tatu, milango sita, Ijumaa," wakaenda zao. Yeye akachonga. Ukuta ulikuwa wao na tundu lilikuwa lao. Chake kilikuwa kitu cha kuliziba hilo tundu.

Ndivyo alivyoitwa Busisi pia, Jumatano moja ya mwezi wa nane. Alivuka daraja la ziwani asubuhi kwenda kuhakiki vipimo vya nyumba ya Mzee Otuoma.

Mzee Otuoma alikuwa nahodha wa kivuko. Kwa miaka thelathini na moja aliwavusha watu na magari kati ya Kigongo na Busisi, mpaka kiharusi kilipompata na kumnyang'anya nguvu za miguu. Daraja lilipofunguliwa, yeye alikuwa tayari kwenye kiti cha magurudumu. Sasa yeye na mkewe, Mama Agutu, walikuwa wanajenga kwenye mteremko unaotazama ziwa, na jambo alilolishikilia kuliko yote lilikuwa dari. Alitaka sebule ya futi kumi na nne kwenda juu. "Maisha yangu yote ya kazi nimekaa kwenye kijumba cha usukani kama kuku kwenye tenga," alimwambia kila aliyeuliza. "Sasa nataka hewa juu ya kichwa changu."

Fundi mkuu alikuwa Shimba, mtu mzima mwenye nywele zilizoanza mvi, anayejulikana ng'ambo zote mbili za maji kwa kuta zilizonyooka. Kufikia siku ile kuta zake zilikuwa zimefika futi tisa, na Jumamosi angemwaga linta, ule mkanda wa zege na nondo unaofunga nyumba nzima. Linta ikishakauka, kubadilisha mlango au dirisha ni kubomoa.

Justa aliingia sebuleni na futikamba mkononi, akasimama katikati, akasahau kupima.

Tundu la mlango wa mbele lilikuwa la futi saba, kama desturi, na mbao za kushikilia zege juu yake zilikuwa zimeshapigwa misumari. Nyumba ikikamilika, futi saba nyingine za ukuta mtupu zingekaa juu ya kichwa cha mlango huo. Mtu angeingia kwenye sebule kubwa kama panya anayeingia ghalani. Madirisha nayo, kwa kuwa dari ilikuwa juu, Shimba alikuwa ameyapandisha yaifuate. Yalianzia futi tano kutoka chini, yakaishia tisa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Mama Queen," alijibu Shimba, akimwita Justa kwa jina la mwanawe. "Umeshapima? Andika saba kwa nne, milango miwili inayokutana katikati."

"Bado. Fundi, Mzee ameshaingia humu?"

"Aingie kufanya nini kwenye kifusi? Akija tunamweka pale nje, chini ya turubai."

Justa aligeuza ndoo, akaikalia. Akasimamisha futikamba kutoka sakafuni hadi usawa wa macho yake: futi tatu na inchi kumi. Mbele yake kulikuwa na tofali. Akainua uso, juu ya tofali kulikuwa na anga.

"Fundi, mtu akikaa hapa halioni ziwa."

"Atasimama," alisema Shimba. Kisha akakumbuka nyumba ni ya nani. Sauti yake ikapanda. "Sebule ndefu hutaka madirisha ya juu. Mwanga unashuka vizuri, mwizi hafiki. Mama Queen, mimi nimeanza kujenga wewe bado unacheza rede. Nipe milango, hayo mengine niachie."

Justa alihisi uso unamwaka. Vibarua walikuwa wameacha kuchanganya udongo, wakisikiliza. Angeweza kuandika saba kwa nne, akavuka daraja, akawahi mchana kwake Igoma. Kazi zilikuwa zinamsubiri huko. Badala yake alitoka nje, akaenda moja kwa moja hadi chini ya turubai, walipokuwa wamekaa Mzee na mkewe, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mzee. Shikamoo, mama. Naomba Mzee aingizwe ndani, aone mwenyewe kabla ya Jumamosi."

Mama Agutu alimtazama, akamtazama mumewe, akasimama bila kuuliza. "Baba Favour, leo utaingia kwako," alimwambia mumewe, akawaita vibarua wanne.

Walimbeba na kiti chake, wakapita juu ya kifusi, wakamweka katikati ya sebule akiwa ameelekea dirisha kubwa. Mzee Otuoma alivuta pumzi ndefu. Alitazama mbele.

"Naona mawingu," alisema. "Maji yako wapi?"

"Yapo, Mzee," Shimba alijibu. "Yapo hapo nyuma ya ukuta, kwa chini."

"Najua yalipo, fundi. Nimeyavuka maisha yangu yote. Nauliza kwa nini siyaoni."

Mzee aligeuza shingo polepole, akamtafuta Justa kwa macho.

"Wewe, mwanangu, kama ni wewe ungefanyaje?"

Miaka kumi na tisa, na swali lilikuwa limefika akiwa na vumbi kooni. Justa alichora mstari hewani kwa kidole.

"Ningepiga mstari mmoja, Mzee. Madirisha yanaishia futi tisa, huo urefu ni mzuri kwa dari hii. Basi na milango ipande iishie hapohapo, kila kitu kichwa kimoja. Halafu madirisha ningeyashusha chini, yaanzie futi mbili."

"Ukuta wangu haubomolewi kwa maneno ya seremala," alisema Shimba.

"Ukuta ni wako, fundi," Mzee Otuoma alisema taratibu, "lakini macho ni yangu. Bomoa dirisha hili moja. Nikikosa cha kuona, utalijenga upya na mimi nitakuomba radhi mbele ya watu hawa."

Shimba alichukua nyundo na tindo mwenyewe. Hakutaka kibarua auguse ukuta wake. Kozi ya kwanza, yaani safu ya juu ya tofali, ilitoka nzima nzima, na Mzee akasema, "Mawingu." Shimba akamgeukia Justa, kisha akarudi kwenye tindo. Kozi ya pili ilipotoka, Mzee alisogeza kidevu mbele.

"Ngoja. Ile ni milima ya ng'ambo. Na lile daraja, naliona lote!"

"Endelea, fundi," Mama Agutu alisema.

Kozi ya tatu ilipotoka, maji yaliingia nyumbani. Hakuna namna nyingine ya kulisema jambo hilo. Ziwa lilijaa pale dirishani, la buluu, likimetameta, na mwanga wake ukapanda ukutani hadi nyuma ya kiti. Kozi ya nne ikaleta ufukwe, mitumbwi iliyopinduliwa juani, na gati la zamani ambako kivuko kilikuwa kikiteremsha mlango wake wa chuma. Mzee Otuoma aliinua mkono wake wa kulia, ule wenye nguvu, akaanza kuonyesha.

"Pale kuna mwamba. Hauonekani, lakini upo. Mwaka wa kwanza ulitaka kuniua. Na pale mkondo unageuka, tazameni rangi ya maji! Agutu, unaona? Nilikuambia ukabisha!"

Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na mkewe alimshika bega akicheka naye. Shimba aliweka nyundo chini. Akachuchumaa kando ya kiti hadi macho yake yalipokuwa usawa wa macho ya Mzee, akatazama nje.

"Na mlango?" alimwuliza Justa, bado amechuchumaa. "Mlango wa futi tisa utajipinda kabla ya Krismasi. Ubao mrefu hivyo hauvumilii jua letu."

"Kweli kabisa, fundi," alisema Justa. Alipigilia misumari miwili, akavuta uzi kwenye futi tisa, akaomba kitenge cha Mama Agutu na kukining'iniza chini kidogo ya uzi. "Tundu liwe tisa. Mlango wenyewe uishie kwenye kitenge, saba na nusu. Hapa juu naweka kioo kisichofunguka. Mwanga utaingia, na mama atausukuma kwa mkono mmoja. Kitasa nitakiweka futi tatu kutoka chini, Mzee akifikie kutoka kwenye kiti."

Shimba alirudi nyuma hatua tano, akafumba jicho moja. Sasa mlango na madirisha vilifuatana kwenye mstari uleule, na sebule ikaonekana imetulia, kama mtu aliyepata nguo ya saizi yake.

"Chini ya dari tuache vitundu vya hewa," alisema hatimaye. "Joto litakimbilia huko. Tena tuweke wavu, la sivyo wadudu wa ziwani watahamia wao kwanza."

"Hilo sikuliwaza, fundi," alisema Justa, na ilikuwa kweli.

Hawakuhitaji kufanya kazi usiku. Ilipofika jioni ya Ijumaa madirisha yote yalikuwa yameshushwa, mbao za juu ya mlango zimeng'olewa, na Jumamosi zege likamwagwa kwenye mstari wa futi tisa.

Nyumba ilifunguliwa katikati ya Desemba. Padri alibariki, kwaya ikaimba. Mzee Otuoma hakukubali kusukumwa. Alisogeza kiti mwenyewe hadi mlangoni, akanyoosha mkono, akashika kitasa, akafungua. Milango miwili ya mbao za mkongo iliachana bila mlio, upepo wa ziwa ukapita katikati ya watu, na vigelegele vya Mama Agutu vikapanda hadi kwenye dari. Wageni waliingia wakitazama juu, kisha nje, na wengi walisahau kukaa. Mzee aliwataka wanyamaze. Akamwita Justa mbele, akamshika mkono, akasema, "Huyu ndiye aliyejiuliza nitaona nini nikikaa."

Justa aliinamisha kichwa, lakini alipokiinua alikuwa anatabasamu kwa meno yote.

Wiki ya pili ya Januari simu yake iliita akiwa anapiga randa.

"Mama Queen, ni Shimba. Niko Bujora, nimepewa ukumbi wenye dari ndefu kuliko ile. Kuta ziko futi moja tu. Acha hiyo randa, njoo uniambie madirisha yaanzie wapi."

Justa alipangusa vumbi la mbao mikononi, akachukua uzi na futikamba, akafunga karakana.