Asiye na Kipindi

Habari hii ni kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho. Haijatiwa chumvi hata punje. Mwenye shaka aende akaulize pale chuoni. Wataapa kwamba hawajui lolote, na hilo lenyewe ni ushahidi.

Saa kumi na mbili asubuhi Bi Ratiba alikuwa amepiga magoti sakafuni, mguu wa mama yake juu ya paja lake, akifungua bendeji. Bendeji yenyewe ilikuwa kipande cha shuka kilichochemshwa mara nyingi hadi maua yake yakafutika. Kidonda kilikuwa kisiginoni, upana wa kifuniko cha soda. Mwezi uliopita kilikuwa upana wa kifungo cha shati. Alikiosha kwa maji ya chumvi, polepole, huku mama akitazama dari kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi.

"Kinanuka?" mama akauliza.

"Hakinuki."

"Basi na pua yako ionwe na daktari."

Ilikuwa sukari. Daktari alikwisha kusema kwamba mguu ule haujapotea, kwamba hospitali kubwa wanasafisha vidonda vya namna hiyo kila Jumanne na mtu anarudi nyumbani kwa miguu yake. Kilichotakiwa ni kadi ya matibabu. Waajiriwa wa kudumu wa chuo walikuwa nayo, na iliwahusu hadi wazazi wao. Bi Ratiba alikuwa na miaka kumi na moja chuoni, yote ya mikataba ya miezi mitatu mitatu, kama mtu anayekunywa bahari kwa kijiko.

Jina la Bi Ratiba alipewa na wanafunzi, likamganda. Hata mama yake alilitumia akitaka kumchokoza. "Hiyo kompyuta yako ingekuwa mwanamume," alimwambia asubuhi ile akishusha mguu, "ningeshadai mjukuu."

Ofisi yake ilikuwa stoo ya mafagio chini ya ngazi. Alipopewa chumba, mafagio hayakuhamishwa, kwa hiyo walikaa pamoja, yeye upande huu, mafagio upande ule, na kila mtu aliyeshuka ngazi alimmwagia vumbi kwenye kibodi. Humo ndimo alimoijenga kanzidata. Hakuna aliyemtuma. Zamani ratiba ya chuo ilikuwa ubao uliochomwa kadi kwa pini, na mwanzo wa muhula ulikuwa vita. Muhula mmoja darasa la ushonaji na darasa la useremala yalipangiwa chumba kimoja saa ileile, yote yakakataa kutoka, wakasoma hivyo hivyo miezi minne. Inasemekana yupo mhitimu wa muhula ule anayeweza kupiga kiti pindo.

Basi Bi Ratiba akaokota kitabu kisicho na jalada, akajifundisha. Ilimchukua miaka mitatu. Akatengeneza jedwali la vyumba, jedwali la masomo, la wanafunzi na la wakufunzi, akayafunga pamoja kwa namba. Akaiwekea kanuni: mtu mmoja hawezi kuwa vyumba viwili kwa saa moja. Ukijaribu kumweka, mashine inalia na kukataa. Chumba kikibaki kitupu, inakuonyesha. Somo likiwa na wanafunzi wengi kuliko viti, inakuambia muhula unaokuja ufungue darasa la pili. Ilifika mahali Mkuu wa Chuo haendi kwenye kikao chochote bila karatasi za Bi Ratiba kwapani. Maabara ijengwe wapi, kozi gani ifungwe, mkufunzi gani aombwe wizarani, majibu yote yalitoka chini ya ngazi.

Siku ile ya kwanza kabisa ya majaribio, kwa kuwa jedwali la wakufunzi lilikuwa tupu na alihitaji mtu wa kulijaribia, alijiandika mwenyewe. Namba moja. Kwenye safu ya vipindi akaacha sifuri, akaendelea na kazi.

Mkuu alimwahidi mbele ya Msajili kwamba mfumo ukimaliza mwaka mzima bila darasa kugongana, jina lake linapelekwa kwenye Bodi apate ajira ya kudumu. Mwaka ukaisha. Hakuna lililogongana. Bodi ilikuwa ikae tarehe ishirini na sita, na Bi Ratiba aliizungushia tarehe hiyo duara kwenye kalenda ya nyumbani, pembeni ya kitanda cha mama.

Tarehe kumi na tisa Naibu Mkuu aliinama kuingia stooni, akajipiga kichwa ngazini kama kawaida yake, akampa karatasi yenye majina tisa.

"Dada, waingize hawa. Namba thelathini na tatu hadi arobaini na moja. Vipindi ishirini kila mmoja."

Bi Ratiba aliyapitia majina. Hakumjua hata mmoja, na yeye alijua hadi nani ana mzio wa chaki. Akauliza wanafundisha nini. Naibu akasema chochote kinachopendeza. Akauliza wanafundishia wapi, maana vyumba vyote vimejaa hadi Ijumaa jioni.

"Ongeza vyumba."

"Vimejengwa?"

"Kwenye kompyuta, dada. Kompyuta inahitaji saruji?"

Alikuwa mtu mcheshi, Naibu, na hakuwa na ubaya usoni. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akamweleza taratibu kama mtu anayemweleza mgeni njia. Wale tisa wako kwenye orodha ya mishahara siku nyingi, kabla hata yeye hajawa Naibu, na waliko wanajulikana na wanaowajua. Tatizo ni barua mpya ya wizara. Sasa kila chuo kitaonyesha vipindi vya kila mkufunzi wake, na asiye na kipindi anaondolewa. Mkuu naye angependa jambo hili limalizike kabla ya Bodi. "Si unajua Bodi ina ajenda nyingi," akasema. "Yako mojawapo."

Baada ya yeye kutoka, Bi Ratiba alikaa akitazama kioo. Hakuhisi hasira. Alitafuta mahali ambapo hasira ingekaa, akakuta pametulia. Alihisi tu kwamba kiti kina msumari unaomchoma pajani, na kwamba amekuwa akisema atauondoa tangu muhula jana. Akafungua jedwali la vyumba, akaandika Jengo la Nne. Akalipa vyumba tisa, kila kimoja viti arobaini. Akaweka na feni. Kisha akawaingiza wale watu mmoja mmoja, vipindi ishirini, Jumatatu hadi Ijumaa, akijiandaa kwa kelele za mashine.

Mashine haikulia. Iliyoweza kukataa mtu halali kwa kuchelewa dakika kumi kati ya jengo na jengo iliwapokea wote tisa bila neno. Mtu asiye popote hagongani na mtu.

Jioni ile alimwosha mama yake mguu, akamwambia kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Tarehe ishirini na nne Mkuu alimwita ofisini. Palikuwa na zulia, na Bi Ratiba alivua viatu bila kuambiwa. Mkuu alitaka ile ripoti ya wasio na kipindi hata kimoja, iambatanishwe na karatasi za Bodi kwenda wizarani. Ilikuwa ripoti yake mwenyewe. Aliitengeneza miaka ya nyuma ili kujua mkufunzi gani ana nafasi ya kumsaidia mwenzake aliyeugua. Akarudi stooni, akabonyeza, akasimama kando ya printa.

Karatasi ilitoka na mstari mmoja. Namba moja. Jina lake, kamili, hadi la babu. Vipindi: sifuri.

Aliipeleka hivyohivyo. Hata leo wanaomjua humuuliza kwa nini hakuichana palepale, na yeye hujibu kwamba ripoti ilikuwa sahihi.

Mkuu aliisoma, akaiweka mezani, akainyoosha kwa kiganja.

"Mama, umejiandika kwa nini?"

"Nilikuwa najaribu mashine, mzee."

"Mimi sikukuandika."

"Hapana, mzee. Naweza kujifuta sasa hivi."

"Ukijifuta, ripoti inakwenda tupu. Chuo kizima, wakufunzi arobaini, asipatikane hata mmoja asiye na kazi? Wataleta watu kuja kuchimba." Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba msaada. "Wizara inataka jina. Hata moja tu."

Bi Ratiba alitazama vidole vyake vya miguu juu ya zulia. Akasema, kwa sauti ambayo hata yeye aliiona ni ya karani, kwamba angeweza kupewa kipindi kimoja, kimoja tu kwa wiki, awafundishe wanafunzi kutumia kompyuta.

"Vipindi ni vya wakufunzi, mama."

"Na wale tisa?"

Mkuu alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Wale wana vipindi," akasema. "Umewapa wewe."

Jina la Bi Ratiba likabaki kwenye ripoti, na kwa hilo akawa ameondolewa kazini. Alivaa viatu vyake mlangoni.

Sasa siku yake ya mwisho ndipo mambo yalipogeuka. Bi Ratiba aliingia stooni kwa utulivu, akabonyeza kitufe kimoja, na printa ikaanza kutapika karatasi: majina tisa, vyumba tisa, Jengo la Nne na ramani yake ikionyesha uwanja mtupu wenye mbuzi. Zikabandikwa kila mlango. Wanafunzi wakaandamana kwenda kulitafuta Jengo la Nne, wakamkuta mbuzi. Wizara ikaja na magari sita, Mkuu akatorokea dirishani akaacha tai kwenye komeo, na Bi Ratiba akaletewa barua ya ajira na kadi kwenye sahani. Jumanne hiyohiyo mama akatibiwa. Juzi kaonekana kwenye harusi, akicheza.

Hapo ndipo mke wangu aliponishika mkono. Alipika chai pale chuoni miaka kumi na tisa, na alikuwa akisoma juu ya bega langu muda wote, bila mimi kujua.

"Mzee," akasema, "mbuzi gani?"

Nikamwambia watu wazima nao wanahitaji kupumua kidogo mwishoni.

"Yule hakupumua. Habari hii umeitoa kwangu, na mimi nilikuwepo. Umeapa pale juu. Lipa."

Nimeshikwa. Nalipa.

Siku ya mwisho Bi Ratiba alimwonyesha Naibu vitufe, akamwandikia neno la siri kwenye kikaratasi, akarudisha ufunguo wa stoo, akasaini. Printa haikutapika kitu. Bodi ilikaa tarehe ishirini na sita na ikaisifu ripoti.

Miezi miwili baadaye wizara iliandika kwamba wakaguzi wanakuja kuwaona wakufunzi kwa macho. Naibu alifika nyumbani kwa Bi Ratiba na kumkuta anachemsha vitambaa. Mama alikuwa kitandani, na shuka lilikuwa limelala bapa kuanzia goti la kushoto kwenda chini. Mguu wa pili ulikuwa umeanza kisiginoni. Naibu alitoa pole, akakaa, akaeleza shida yake: anahitaji watu tisa wa kukaa kwenye chumba cha wakufunzi kwa siku moja, watu wanaojua kujibu. Na Bi Ratiba anaijua ratiba kuliko wote.

Bi Ratiba aliuliza jambo moja tu, kama kuna kadi.

"Arobaini na moja anayo," Naibu akasema. "Anayo tangu zamani. Ina mzazi ndani yake pia."

Siku hiyo mke wangu ndiye aliyepeleka chai. Alimwona Bi Ratiba mstari wa nyuma, kavaa gauni la kuazima, kadi ya matibabu ya mtu mwingine imening'inizwa kifuani iwe kitambulisho. Mkaguzi alikuwa akisoma majina bila kuinua kichwa. Alipofika la mwisho, Bi Ratiba aliinua mkono.

"Nipo."

"Vipindi vingapi?"

"Ishirini."

"Wapi?"

"Jengo la Nne."

Mkaguzi akaweka alama, akaomba sukari.

Saa kumi, getini, Naibu alikusanya kadi zote tisa, akazipanga kwa namba, akazifunga kwa mpira, akazitia mfukoni.