Mkalimani wa Mama

Wilhelmina alikuwa uani kwake, mtaa wa Viwanja Sitini, anapepeta mchele, binti yake Leticia alipomwita.

"Mama, njoo wakuone. Jifunge kile kitenge kilichochakaa. Na usiseme mengi, nitakutafsiria."

Leticia alikuwa na miezi miwili tangu arudi kutoka Ujerumani, alikosoma miaka mitatu. Shikamoo aliiacha hukohuko. Asubuhi humwambia mama yake "mambo". Siku hiyo maprofesa wawili walikuwa wakimhoji kwa kompyuta. Akipita, anarudi kule kufundisha wanafunzi namna ya kuishi na watu wasiofanana nao.

Wilhelmina akaketi. Profesa mmoja, mwanamke, akauliza kwa Kijerumani: mama anaonaje, safari imembadilisha vipi binti yake?

"Wanauliza kama umefurahi," Leticia akamwambia mama yake.

"Waambie nimefurahi mwanangu kurudi mzima. Ila amekuwa mgeni kwao. Majirani hawaamkii. Mzee Remigius wa nyumba ya tatu amezikwa, msibani hakukanyaga."

Leticia akawatabasamia wazungu. "Mama anashukuru," akasema kwa Kijerumani. "Anasema yeye ni mtu wa porini, mimi ndiye nimemfungua macho. Inabidi nimvumilie, kama mtoto."

Profesa akaandika.

Sasa, kabla Leticia hajazaliwa, Wilhelmina alipika miaka tisa kwenye jiko la masista wa Uswisi. Kijerumani alikijua, cha sala na cha kugombezwa. Leticia hakuwahi kumuuliza alikuwa nani kabla ya kuwa mama yake.

Angeweza kunyamaza, mtoto akapata kazi. Akakung'uta pumba mikononi, akaisogelea kompyuta.

"Sikusema hivyo," akasema kwa Kijerumani cha masista. Kisha akayarudia maneno yake yote, mpaka ya msiba.

Profesa akavua miwani. "Asante, mama. Jibu tumelipata."

Kioo kikawa cheusi.

Leticia akamgeukia mama yake. "Ungenihurumia, mama. Mimi si mwanao?"

"Mtu wa porini huruma ataijulia wapi?"

Leticia akateleza kutoka kitini, akapiga magoti sakafuni. "Shikamoo, mama."

Wilhelmina hakuitikia. Akatoka uani, akaushika ungo wake. Mchele ulikuwa bado na chuya nyingi.