Laptopu ya Phineas Isiyokubali Kulala

Duka la Rawiya la kutengeneza kompyuta liko mtaa wa Langoni, kwenye kichochoro chembamba kiasi kwamba punda wa kubeba mchanga akipita, mteja aliyesimama nje hana budi kuingia ndani, atake asitake. Ndivyo alivyoingia Phineas. Alikuwa mpima ardhi wa kampuni moja ya bara, amekuja kwa mradi wa kiwanda cha barafu kule Mbwajumali, kisiwani Pate, na laptopu yake ilikuwa imemuunguza ubavu kupitia mkoba.

"Hii kitu haitaki kulala," alisema. "Nikiifunga inazima taa, halafu inaamka yenyewe humo humo mkobani. Nikifika ninakoenda betri imeisha."

"Ugonjwa wa kawaida," Rawiya akasema, akaivuta mezani.

Rawiya alisomea kazi hii Mombasa na hana papara. Alianza na yale mepesi. Alihakikisha kwamba kifuniko kikifungwa kompyuta imeamriwa kulala, si kuzima skrini tu. Alichomoa kile kidude cha mausi, maana mausi ikitikiswa mkobani huamsha kila kitu. Alizima mtandao. Alipitisha sumaku ndogo kando ya kibodi aone kama kompyuta inajua ikifungwa, na ilijua. Akaifunga. Taa ikazimika, feni ikanyamaza, kisha feni ikaanza tena kuvuma. Alipoifungua, kati ya vibonye palikuwa na mchanga mweupe, akaupuliza.

Ikabaki kuiuliza kompyuta yenyewe ni nini kilichoiamsha. Iko amri ya kuuliza hivyo, na kompyuta nyingi hujibu kuwa ni mausi, au mtandao, au saa. Hii ilijibu: watu.

"Inaamshwa na watu," Rawiya alimwambia.

"Watu gani? Naishi peke yangu."

Aliifunga tena na kuiinamia kwa sikio. Ndani mlikuwa na minong'ono ya watu wengi, kama watu walioamshwa na hawajui wamlaumu nani. Kisha mmoja akakohoa, mara mbili, akameza mate. Rawiya alikijua kikohozi hicho. Kilikuwa cha mamake, Bi Umi, aliyezikwa Mbwajumali mwaka ule duka lilipofunguliwa.

"Nani hunu afungaye mlango bila salamu?" Bi Umi akauliza.

"Ni mimi, mama. Rawiya."

"Ee. Mbona sauti imekonda? Huli?"

"Nala, mama."

"Huli wewe. Hebu tutazamie, kuna mstari mwekundu umenipita hapa kifuani. Na Bwana Obeid, jirani yangu hapa, umempita miguuni, hana raha kabisa."

Phineas alikuwa ameketi kwenye kigoda akinywa maji. Alisogea kidogo apate kusikia.

Rawiya aliifungua laptopu, akatafuta ramani ya mradi wa Phineas. Ilikuwa picha iliyopigwa na droni: mchanga, vichaka, na vidoa vyeupe vimetapakaa. Mstari mwekundu uliuzunguka mchanga, na katikati paliandikwa "ardhi tupu". Vidoa vile vilikuwa mawe ya matumbawe ambayo watu wa Mbwajumali huweka kichwani pa maiti. Hayaandikwi jina, kwa kuwa kila mtu anamjua wake. Rawiya aliweka kidole juu ya kidoa kimoja.

"Hapa ni makaburini," alisema. "Na huyu ni mamangu."

"Bwana Abdulkadir, mzee wa kijiji, alinitembeza pale mwenyewe," Phineas akasema. "Hakuniambia kitu. Alisimama tu akanisalimia, asalaam alaykum. Nikamwitikia, tukaendelea. Nilijiuliza kidogo, maana tulikuwa pamoja tangu asubuhi."

"Hakukusalimia wewe."

Phineas alifikiri. "Sasa nimeelewa," akasema.

Bwana Abdulkadir naye hakuwa na kosa. Haikumpitikia akilini kwamba yuko mtu mzima asiyejua kwa nini mtu husimama mahali pasipo nyumba na kutoa salamu. Kwa hesabu yake alikwishamwambia.

"Basi usogeze mstari," Rawiya akasema.

Phineas aliusogeza hadi vichakani. Hakuwa mtu mbaya. "Lakini hii ni nakala," alisema. "Ile iliyopitishwa iko Nairobi, na mashine zishapakiwa. Pole sana, dada. Na laptopu, itapona? Kesho nina mkutano na wakubwa."

Neno mkutano lilimpa Rawiya tamaa. Alikifunga kifuniko, akakiinamia.

"Mama, kesho mtakuwa mbele ya wakubwa wenyewe. Msilale. Semeni."

Feni ilivuma. Minong'ono ikatulia.

"Mwanangu, kazi yetu sisi ni kulala," Bi Umi akasema. "Kusema ni kazi yenu mlio hai."

Rawiya alishikwa na uchungu. Angeweza kumrudishia Phineas laptopu vile vile, ikamwaibishe mkutanoni. Lakini mamake alipokuwa hai kikohozi kilimnyima usingizi, na Rawiya hakutaka adha hiyo imfuate huko aliko. Akamwambia Phineas asimame, akamfundisha: asalaam alaykum, enyi wenyeji wa makao haya. Phineas alirudia mpaka ikamkaa ulimini. Alipofunga kifuniko, watu wengi waliitikia kwa pamoja, wa alaykum salaam, taa ikazimika na mashine ikaanza kupoa. Haikuamka tena.

"Sikuwa najua ni jambo dogo hivyo," Phineas akasema. Alishukuru, akaondoka nayo kwapani.

Rawiya na Bwana Abdulkadir walikwenda ofisi ya kampuni kusema. Walisikilizwa mpaka mwisho, wakapewa soda baridi, wakaambiwa jambo lao limepokelewa. Bwana Abdulkadir hakusema mengi. "Lakini mimi nilitoa salamu," alikuwa akirudia.

Kiwanda kilijengwa pale pale makaburini. Barafu yake ni nzuri, hata watu wa kisiwa cha Ndau huifuata. Mlango wa chumba cha baridi haukai ukifungwa mpaka mtu atoe salamu, na wafanyakazi wapya hufundishwa hivyo siku ya kwanza, wanapogawiwa buti.

Kila Idi Rawiya huenda kuzuru. Askari wa getini humvalisha kitambulisho cha mgeni, naye husimama mbele ya mlango wa chuma, akasalimia, akasoma Fatiha. Idi iliyopita aliufungua kidogo apate kusikia vizuri. Mamake alikohoa mara mbili.

"Funga mlango, mwanangu," akasema. "Kuna baridi huku."

Rawiya akaufunga.